Kabla ya Kuangalia Rangi: Kuchagua Injini na Vifaa vya Pikapu Hanang

Pikapu ya Balangdalalu huishi maisha mawili kwa siku moja. Alfajiri hutoka na mahindi, alizeti au mbuzi wa kupeleka mnadani, ikipita barabara ya udongo ambayo Agosti ni vumbi na Machi ni tope. Ikifika Katesh huingia kwenye lami ya Babati hadi Singida, na hapo hutakiwa kukimbizana na mabasi. Jioni hurudi na mbolea, mabati, saruji, na majirani wawili watatu ambao hawakuwa kwenye mpango. Gari la kumudu nusu ya kazi hiyo lipo katika kila yadi ya Dar es Salaam. La kumudu yote, na kuendelea kuimudu mwaka wa tano, hupatikana kwa mnunuzi aliyepiga hesabu zake kabla hajaonyeshwa rangi.

Kwa kawaida mambo huenda kinyume. Dalali hufungua mlango, huwasha skrini ya redio, husifia rimu zinazong'aa, na injini hutajwa mwishoni kwa neno moja: "dizeli." Afadhali safari ianzie upande wa pili: mzigo kwanza, kisha barabara, mafuta na fundi, halafu injini. Vifaa vya ziada vije mwisho, fedha ikiwa bado ipo.

Mzigo una hesabu nyepesi ambayo watu huikwepa. Pikapu nyingi za aina ya Toyota Hilux, Isuzu D-Max, Mitsubishi L200 na Ford Ranger zimetengenezwa kubeba tani moja hivi. Kwa gunia la kilo 100 hiyo ni gunia kumi, lakini ndani ya tani hiyo yumo pia dereva, wamo abiria, na imo kila nondo iliyochomelewa baada ya gari kutoka kiwandani. Dabo kebini iliyojaza watu watano imekwisha kula kilo 350. Ongeza bampa zito la chuma na keria, na kilichobaki ni gunia sita, tena zilizopimwa kwa mizani. Zikiwa za lumbesa, ambayo Wakala wa Vipimo hauachi kuipiga marufuku na wachuuzi hawaachi kuishona, hata hizo sita ni nyingi.

Halafu kuna urefu wa bodi. Singo kebini ya Hilux ina bodi ya mita mbili na ushee. Ya dabo kebini ni kama mita moja na nusu, na gunia linalolazwa nyuma ya ekseli huinua pua ya gari na kuyafanya magurudumu ya mbele yawe mepesi kwenye tope, pale pale yanapohitaji kushika. Kwa mkulima ambaye mzigo ndio unaolipa gari, singo kebini ndiyo biashara. Dabo kebini inamfaa mwenye familia kubwa, mkandarasi mwenye mafundi wa kusafirisha, au afisa anayelala Singida leo na Arusha kesho. Kuinunua kwa sababu inaonekana ya heshima ni haki ya mtu, ila aijue bei ya hiyo heshima kwa gunia.

Barabara yenyewe ina mambo matatu: udongo, chumvi na mwinuko.

Udongo mweusi wa mbuga, ule ule unaokwenda hadi Basotu ambako mashamba makubwa ya ngano yalifunguliwa kwa msaada wa Kanada miaka ya 1970, ukinyeshewa hujaza meno ya tairi na kuligeuza kuwa duara laini. Gari linaloendeshwa na magurudumu mawili hubaki hapo hapo. Lakini hata gari linaloendeshwa na magurudumu manne hukwama likiwa na matairi ya kipara. Na tope huweza kuifunga hata lami: mwaka 2023, katika mvua kubwa za Desemba, tope na mawe kutoka Mlima Hanang yaliporomoka, yakafunika sehemu za Katesh na vijiji kama Gendabi, yakaua watu zaidi ya 80 na kuifunga barabara kuu. Anayeishi upande wa pili wa korongo lililokatika anajua kwamba uwezo wa gari kutoka barabarani na kupita pembeni ni hitaji la kweli, si tamaa ya vijana.

Chumvi watu huisahau. Balangida na Balangida Lelu ni maziwa ya chumvi, na tope la kando yake likiganda chini ya gari hukaa na unyevu na kula chuma taratibu. Hatari hiyo inafanana na ile ya magari yaliyotumika Uingereza, ambako barabara hunyunyiziwa chumvi majira ya baridi. Pikapu iliyotoka huko inaweza kuwa na viti safi na bodi inayometa, huku chesisi yake ikibomoka kwa nyundo. Mnunuzi alale chini, agonge kwa bisibisi sehemu zinazoshika springi za nyuma, na asikubali chesisi iliyopakwa rangi nyeusi mpya kabla ya kuuliza inaficha nini.

Mwinuko ndio unaoamua mjadala mkubwa wa vijiweni: injini ya tabo au isiyo na tabo?

Wazee wa gereji wana msimamo wao: injini isiyo na tabo haina cha kuharibika. Wana ushahidi. Toyota 5L, dizeli ya sentimita za ujazo 2,986 yenye pampu ya kawaida, imebeba mizigo ya Afrika Mashariki kwa miaka mingi. Kaka yake mkubwa ni 1HZ ya silinda sita na sentimita za ujazo 4,164, iliyoanza kufungwa kwenye Land Cruiser mwaka 1990 na ambayo ndiyo iliyolijaza bara hili magari ya hospitali, hifadhi na mashirika ya misaada. Fundi wa Katesh huifungua 5L kwa spana za kawaida, bila kompyuta.

Ila wazee hao husahau hewa. Ukanda wa Hanang na Mbulu uko juu. Sehemu kubwa imepita mita 1,500 kutoka usawa wa bahari, na mji wa Mbulu uko juu zaidi. Injini isiyo na tabo hupoteza kama asilimia 10 ya nguvu kwa kila mita 1,000 za kupanda, kwa kuwa inavuta hewa nyepesi. Injini ya 5L yenye nguvu za farasi karibu 100 ikiwa Tanga hubaki na kama 85 ikiwa hapa, na gunia haziijui tofauti hiyo. Tabo husukuma hewa ndani kwa nguvu, hivyo hupunguza sana hasara ya mwinuko. Ndiyo maana injini ndogo ya kisasa, 2GD ya sentimita za ujazo 2,393, hupanda kilima na mzigo ule ule kwa gia ya juu zaidi. Nguvu yake ya kuvuta ni kati ya nyutoni mita 343 na 400 kutegemea giaboksi, wakati 5L inakaribia 200 tu. Kwa mafuta, pengo linaonekana kwenye kila safari.

Basi kwa nini kila mtu asinunue ya kisasa? Kwa sababu ya dizeli yenyewe. Mfumo wa sindano wa injini hizi mpya hukandamiza mafuta hadi karibu mara elfu mbili ya mkandamizo wa hewa, kisha huyapitisha kwenye matundu membamba karibu kama unywele. Tone la maji au uchafu kidogo huua nozeli, na nozeli nne ni fedha za ng'ombe kadhaa. Mambo yamekuwa bora kuliko zamani: nchi za Afrika Mashariki zilianza mwaka 2015 kudai dizeli yenye salfa isiyozidi sehemu 50 kwa milioni, na Tanzania mwaka 2011 ilipandisha kodi ya mafuta ya taa ili kuua biashara ya kuyachanganya na dizeli. Lakini salfa na mafuta ya taa si maji. Dizeli inayouzwa kijijini kwa madumu, iliyokaa kwenye pipa lenye kutu tangu juma lililopita, haijasomewa kanuni hizo.

Kwa hiyo swali sahihi ni hili: mafuta yatanunuliwa wapi? Mwenye safari ya Katesh au Babati kila baada ya siku chache, anayeweza kujaza kituoni na kurudi nyumbani na tangi, anaweza kumiliki injini ya kisasa bila hofu, mradi afunge kichujio cha pili chenye kikombe cha kutenga maji na akimwage kila juma. Kifaa hicho ni cha bei ndogo mno ukilinganisha na nozeli moja. Anayetegemea madumu, gari likikaa shambani mwezi mzima, abaki na pampu ya kizamani na avumilie moshi na mwendo wa kobe kwenye vilima.

Katikati ya hizo mbili kuna kizazi ambacho sokoni kimejaa na kinahitaji jicho kali: 2KD ya sentimita za ujazo 2,494 na 1KD ya 2,982, zilizofungwa kwenye Hilux iliyotoka mwaka 2004 hadi kizazi kipya kilipoingia 2015. Ni injini zenye nguvu, lakini zina mfumo wa kisasa wa sindano na umri mkubwa kwa pamoja. Kwenye 1KD hasa, washa za shaba chini ya nozeli zikivuja, masizi huingia kwenye oili na kuziba chujio la pampu ya oili ndani ya sampu. Anayetaka kuinunua amwombe fundi ashushe sampu aangalie. Muuzaji akikataa, jibu limepatikana.

Petroli je? Injini ya 2TR ya sentimita za ujazo 2,694 ni rahisi, haina nozeli za bei ya ng'ombe, na inatumia cheni badala ya mkanda wa taimingi. Inakula mafuta mengi ikibebeshwa. Kwa duka la dawa, mwalimu mkuu au mchungaji anayebeba watu na mizigo myepesi, inafaa kuliko inavyosifiwa.

Wanunuzi wengi hawajui kwamba majibu ya maswali haya yameandikwa kwenye gari lenyewe. Herufi za mwanzo za namba ya modeli ya Toyota hutaja familia ya injini. Hilux inayoanza na LN au LAN ina injini ya familia ya L, kama 5L. KUN25 ni 2KD na KUN26 ni 1KD. GUN125 ni 2GD ya magurudumu manne, GUN126 ni kubwa yake ya sentimita za ujazo 2,755, na TGN ni petroli. Kwa Land Cruiser, HZJ79 ni ile 1HZ ya wazee, VDJ79 ni dizeli ya V8, GRJ79 ni petroli ya lita 4, na GDJ79 ni dizeli mpya ya lita 2.8. Tangazo likisema "Hilux 3.0, injini ngumu isiyo na kompyuta" na kibati kikisoma KUN26, aliyeandika tangazo ama hajui au anajua sana.

Herufi hizo husaidia pia anayeagiza Japani kwa mtandao. Toyota iliacha kuuza Hilux Japani mwaka 2004 na kuirudisha Septemba 2017, tena ikiwa dabo kebini tu yenye 2GD. Anayetafuta singo kebini ya mwaka 2010 kutoka Japani anatafuta gari ambalo halikuuzwa huko. Atalipata Afrika Kusini, Thailand, au kwa mtu wa hapa nchini. Land Cruiser pikapu zilizouzwa Japani mwaka 2014 na 2015 ni za petroli ya lita 4, na anayezinunua akidhani kila Land Cruiser ni dizeli atagundua kwenye pampu ya mafuta.

Gari lililotumika Ulaya lina jambo moja zaidi: kichujio cha masizi kwenye bomba la moshi, na wakati mwingine tangi dogo la kimiminika cha kusafisha moshi. Kichujio hicho hujichoma chenyewe gari likienda mwendo wa kasi kwa muda mrefu. Safari fupi za gia ya pili hukiziba. Australia, ambako vumbi na umbali si vigeni, Mahakama ya Shirikisho mwaka 2022 iliamua kwamba Hilux, Fortuner na Prado za dizeli zilizouzwa kati ya Oktoba 2015 na Aprili 2020 zilikuwa na kasoro kwenye mfumo huo huo. Pikapu zilizotengenezwa kwa soko la Afrika kwa kawaida hazina kichujio hicho, na hiyo ni sababu tosha ya kuuliza gari lilikusudiwa nchi gani.

Sasa vifaa. Hapa mwandishi ana upendeleo na hauonei aibu: kila shilingi iende kwanza kwenye kinachogusa udongo.

Loku ya difu ya nyuma ndiyo ya kwanza. Bila loku, gurudumu moja likining'inia kwenye korongo huzunguka bure na lingine husimama; ikifungwa, yote mawili husukuma. Kati ya dabo kebini isiyo na loku na singo kebini yenye loku, kwa barabara ya Balangdalalu hakuna mashindano. Ya pili ni gia ndogo ya kuvuta, ambayo kazi yake kubwa haionekani kwenye kupanda bali kwenye kushuka. Mteremko wa Magara, kati ya Mbulu na Mbuyu wa Mjerumani, umefundisha madereva wengi kwamba breki zinazopata moto huacha kushika, na kwamba gari lililojaa hushuka salama kwa kushikiliwa na injini. Wakati wa kujaribu, gia hiyo iingizwe kweli, gari liende mita hamsini kwenye udongo, na loki za magurudumu ya mbele, kama ni za kuzungusha kwa mkono, zizungushwe. Nyingi zimeganda kwa kutotumiwa.

Mkonga wa kuvutia hewa hununuliwa kwa ndoto ya kuvuka mito. Faida yake ya kila siku ni vumbi: hewa ya usawa wa paa ina mchanga kidogo kuliko ya karibu na gurudumu, na filta hudumu zaidi. Bamba la chuma chini ya sampu ni la lazima. Springi nzito za nyuma ni nzuri kwa anayebeba kila siku, lakini zinarusha gari tupu kwenye matuta, na haziongezi hata kilo moja kwenye uwezo ambao kiwanda kimeandika. Tangi kubwa lina maana maalumu hapa. Lita 130 za Land Cruiser pikapu humruhusu mwenye gari kujaza kwenye kituo kizuri na kuyapita madumu yote njiani.

Matairi yanahitaji busara ya dukani. Rimu ya chuma ya inchi 16 ikigonga jiwe hunyooshwa kwa nyundo, na tairi yake, kama ile 7.50R16 ya Land Cruiser, hupatikana hata kwenye maduka madogo kwa sababu wenye malori mepesi nao huitumia. Rimu ya aloi ya inchi 18 ikipasuka haina fundi, na tairi ya 265/60R18 itaagizwa Arusha. Ngazi za kando zinazoning'inia chini, kromu, kamera ya nyuma na paa la kioo ni vya mjini. Kiyoyozi si anasa: barabara ya vumbi inaendeshwa vioo vikiwa vimefungwa, na dereva anayeona vizuri humkwepa mbuzi.

Usalama usipunguzwe ili kupata bei. Breki zisizofunga magurudumu na mfumo wa kuzuia gari kuteleza ni muhimu zaidi kwenye lami kuliko kwenye tope, maana ni kwenye lami ambako pikapu iliyojaa hupinduka. Eabegi peke yake haitoshi. Shirika la Global NCAP lilipoigonga Nissan NP300 Hardbody mwaka 2018 katika majaribio ya magari yanayouzwa Afrika, gari lilikuwa na eabegi mbili na bado lilipata nyota sifuri kwa sababu kabini yake ilikunjika.

Kuhusu fedha, anayeagiza nje asiulize bei ya gari bali bei ya gari likiwa nyumbani. Ushuru wa forodha wa asilimia 25 na VAT ya asilimia 18 hupigwa juu ya thamani inayokubaliwa na TRA, si ile iliyoandikwa kwenye risiti ya muuzaji. Zipo tozo nyingine, ikiwemo ya umri kwa magari yaliyochakaa, na kikokotoo cha mtandaoni cha TRA hutoa jumla kabla hujatuma hata senti. Anayenunua hapa nchini alinganishe namba ya injini na kadi ya gari. Injini nyingi zimebadilishwa bila kadi kujua.

Siku ya kukagua, mwenye gari aombwe asiliwashe mapema. Injini ya baridi husema ukweli: moshi mweupe usiokwisha ni nozeli au mgandamizo, wa buluu ni oili, mweusi kidogo wakati wa kukanyaga ni wa kawaida kwa dizeli za zamani. Kifuniko cha oili kikifunguliwa injini ikiwaka, mvuke kidogo huvumilika; ukipuliza kwa nguvu, pistoni zimechoka. Rejeta ichunguzwe kama ina ukungu wa oili. Na fundi aliyeletwa alipwe siku yake na mnunuzi mwenyewe, iwe biashara imefanyika au haikufanyika, asije akatafuta kamisheni upande wa pili.

Gari likishanunuliwa, fedha za kwanza ziende kwenye mkanda wa taimingi kwa injini zinazoutumia: 5L, 2KD, 1KD na 1HZ zote zimo. Hakuna anayejua ule wa zamani ulifungwa lini, na ukikatika valvu hukutana na pistoni. Injini za GD na 4JJ1 ya Isuzu zina cheni, hivyo hapo gharama hiyo haipo. Zifuate oili, filta zote na maji ya rejeta. Filta mbili za dizeli zenye namba sahihi ziwekwe chini ya kiti pamoja na spana ya kuzifungulia, kwa kuwa duka linaloziuza laweza kuwa Babati, na injini yenye filta iliyoziba haifiki Babati.